Saratani ya fizi: Jino linapolegea bila sababu

DAMU kwenye mswaki, ufizi uliovimba na jino linalocheza ni mambo ambayo watu wengi huyachukulia kuwa ya kawaida. Wapo wanaosukutua kwa maji ya chumvi, wapo wanaonunua dawa dukani na wapo wanaokwenda kung'oa jino, kisha wakaendelea na shughuli zao. Mara nyingi huwa hawakukosea, kwani chanzo kikubwa cha matatizo hayo ni ugonjwa wa kawaida wa fizi unaotokana na uchafu unaoganda kwenye meno.

Hata hivyo, kwa watu wachache dalili hizo hizo huwa ni mwanzo wa saratani ya fizi. Ugumu wake ni kwamba saratani hii huvaa sura ya maradhi ya kawaida, hivyo mgonjwa anaweza kumaliza miezi kadhaa akitibiwa ugonjwa ambao hana. Katika miezi hiyo, uvimbe hupata nafasi ya kupenya ndani ya mfupa wa taya.

Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 watu wapatao 389,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na wengine wapatao 188,000 walifariki dunia kutokana nayo. Saratani ya fizi ni sehemu ya kundi hilo.

Saratani ya fizi ni nini?

Fizi ni nyama laini inayofunika mifupa ya mataya na kuzunguka shina la kila jino. Saratani huanza pale seli zilizo kwenye tabaka la juu la nyama hiyo zinapoacha kufuata utaratibu wa kukua na kufa, zikaongezeka ovyo na kuvamia sehemu za jirani. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani zote za kinywa huanzia kwenye seli bapa zinazofunika ndani ya kinywa, na za fizi nyingi ni za aina hiyo.

Fizi za taya la chini huathirika zaidi kuliko za taya la juu, na mara nyingi uvimbe hujitokeza sehemu ya nyuma, kwenye magego, mahali ambapo mtu hapaoni kwa urahisi anapojitazama kwenye kioo.

Jambo linaloifanya saratani hii iwe tofauti na nyingine za kinywa ni ukaribu wake na mfupa. Ulimi una nyama nene, lakini ufizi ni mwembamba na chini yake kuna mfupa mara moja. Isitoshe, nafasi ndogo iliyopo kati ya jino na mfupa huwa njia ambayo saratani huitumia kushuka ndani ya taya. Ndiyo maana jino kulegea kunaweza kuwa dalili ya mapema, hata kabla ya mgonjwa kuona kidonda chochote.

Nani yuko hatarini?

Wagonjwa wengi huwa na umri wa zaidi ya miaka 50, ingawa vijana nao hawajasalimika. Tumbaku ndiyo inayoongoza kwa kusababisha saratani za kinywa, iwe ni sigara, kiko au ile isiyovutwa, kama vile ugoro na kuberi vinavyowekwa kati ya ufizi na mdomo au shavu. Kwa wanaoweka tumbaku mdomoni, saratani mara nyingi huota palepale inapokaa.

Pombe nayo husababisha saratani za kinywa. Mtu anayevuta sigara na kunywa pombe kwa pamoja hujiweka katika hatari kubwa zaidi kuliko anayetumia kimoja tu, kwa kuwa madhara ya viwili hivyo huzidishana.

Katika Zanzibar na miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuna pia suala la tambuu. Jani la tambuu hutafunwa pamoja na popoo na chokaa, na wengine huongeza tumbaku. IARC, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilieleza kwamba popoo yenyewe husababisha saratani kwa binadamu, hata ikitafunwa bila tumbaku. Hivyo, dhana kwamba tambuu isiyo na tumbaku haina madhara si sahihi.

Pamoja na hayo, kutotumia vitu hivyo si kinga kamili. Saratani ya fizi huwapata pia watu ambao hawajawahi kuvuta sigara wala kunywa pombe, wakiwamo wanawake wazee. Kwa hiyo mtu asiambiwe kuwa hawezi kuwa na saratani kwa sababu tu hana mazoea hayo.

Dalili zake

Saratani ya fizi haina sura moja. Inaweza kuanza kama kidonda kidogo kisichopona, kama kinyama kilichoota kati ya meno, kama bonge lenye uso wa mikwaruzo au kama eneo la ufizi lililobadilika rangi. Dalili zinazopaswa kumfanya mtu aende hospitali ni hizi:

- Kidonda kwenye ufizi ambacho hakijapona kwa zaidi ya wiki mbili.

- Baka jeupe lisilofutika linapofutwa kwa kitambaa, au baka jekundu. Baka jekundu, au lenye mchanganyiko wa rangi hizo mbili, ni la kuogopwa zaidi kwa kuwa lina uwezekano mkubwa wa kuwa na seli za saratani.

- Uvimbe wa ufizi ulio sehemu moja tu, hasa ukiwa mgumu au unaotoka damu ukiguswa kidogo.

- Jino moja au meno mawili kulegea ilhali mengine yote ni imara na hakukuwa na ajali.

- Tundu la jino lililong'olewa kushindwa kufunga, au nyama kuota ndani yake.

- Meno bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri kuanza kubana au kutokaa sawasawa.

- Ganzi kwenye mdomo wa chini au kidevu. Hii ni dalili nzito, kwani huashiria kwamba mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya umeguswa.

- Maumivu yanayopanda hadi sikioni, au kinywa kushindwa kufunguka vizuri.

- Tezi gumu chini ya taya au shingoni, lisilouma na lisilopungua.

Saratani ya taya la juu inaweza pia kuziba tundu moja la pua au kuleta ganzi shavuni, iwapo imepenya hadi kwenye uwazi ulio juu ya meno.

Ikumbukwe kwamba mwanzoni saratani nyingi za fizi haziumi. Mtu anayesubiri maumivu ndipo aende kwa daktari anaweza kuchelewa. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa nini huchanganywa na magonjwa mengine?

Ugonjwa wa kawaida wa fizi nao huleta damu, uvimbe, harufu mbaya na meno kulegea. Tofauti huonekana kwa anayechunguza kwa makini. Ugonjwa wa kawaida aghalabu huenea kwenye meno mengi, huambatana na ugaga unaoonekana, na hupata nafuu baada ya meno kusafishwa. Saratani hukaa mahali pamoja na haijali usafishaji. Ikiwa kinywa kizima kimepona isipokuwa sehemu moja, sehemu hiyo ndiyo ya kuchunguzwa.

Jipu la jino huleta uvimbe na maumivu ya ghafla, na hupungua baada ya usaha kutolewa na jino kutibiwa. Kidonda cha meno bandia hupona meno hayo yakirekebishwa au yakiwekwa kando kwa muda. Kanuni inayofuatwa na madaktari ni kuondoa kwanza kile kinachodhaniwa kuwa chanzo, kisha kumtazama mgonjwa tena baada ya wiki mbili. Kidonda kikiwa bado kipo, hakuna sababu ya kujaribu dawa nyingine. Kinachotakiwa ni kukata kipande kidogo cha nyama na kukipima.

Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Mgonjwa hupewa dozi moja ya viuavijasumu, damu na usaha vikapungua kwa siku chache, naye akaamini kwamba amepona. Vikirudi hupewa dozi ya pili, kisha ya tatu. Dawa hizo huua vijidudu vilivyovamia kidonda, lakini haziigusi saratani iliyo chini yake.

Kosa lingine ni kung'oa jino lililolegea bila kujiuliza kwa nini limelegea. Jino likitoka, mgonjwa hupata nafuu ya muda, lakini tundu lililobaki linaweza kuipa saratani njia ya wazi ya kuingia ndani ya mfupa. Aidha, jeraha la kung'oa huharibu sura ya kwanza ya ugonjwa na kumfanya daktari anayefuata ashindwe kujua uvimbe ulianzia wapi. Kwa sababu hiyo, ufizi unaotiliwa shaka unapaswa kupimwa kwanza kabla ya jino lililo hapo kuguswa.

Yapo pia maradhi mengine yanayoweza kufanana na saratani ya fizi. Wajawazito huweza kuota kinyama chekundu kinachotoka damu kwa urahisi, ambacho si saratani na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Saratani ya damu huweza kuvimbisha fizi zote kwa wakati mmoja. Kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, saratani ya Kaposi huweza kujitokeza kama uvimbe wa rangi ya zambarau kwenye fizi au kwenye kaakaa.

Kwa watoto, jino kulegea kabla ya wakati wake pamoja na taya kuvimba haraka kunaweza kuwa dalili ya saratani ya Burkitt. Ugonjwa huu uliandikwa kitaalamu mwaka 1958 na daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Uganda, baada ya kuona watoto wenye uvimbe wa mataya. Uvimbe huo hukua kwa kasi kubwa, lakini hutibika kwa dawa ukiwahiwa. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali kubwa bila kusubiri hata wiki mbili.

Uchunguzi hufanyikaje?

Hatua ya kwanza ni mazungumzo. Daktari wa kinywa na meno humuuliza mgonjwa tatizo lilianza lini, limebadilika vipi, ametumia dawa zipi, kama ameng'olewa jino na kama hutumia tumbaku, pombe au tambuu. Ni vema mgonjwa aseme ukweli wote, pamoja na dawa za kienyeji alizopaka.

Hatua ya pili ni kutazama na kupapasa. Meno bandia huvuliwa, kisha daktari hukagua fizi zote kwa mwanga mkali, upande wa shavu na upande wa ulimi. Hupapasa ufizi kwa kidole kilichovaa glavu, kwa kuwa ugumu wa kingo za kidonda ni ishara ambayo macho hayawezi kuiona. Hupima kama meno yanacheza, kisha hupapasa matezi ya chini ya taya na ya shingoni.

Hatua ya tatu ni picha ya eksirei ya mataya, ambayo huonyesha kama mfupa umeliwa. Mfupa ulioliwa na saratani huonekana kama mbao iliyotobolewa na mchwa, na meno huweza kuonekana kana kwamba yanaelea. Hata hivyo, picha ya kawaida ya eksirei huanza kuonyesha uharibifu baada ya sehemu kubwa ya madini ya mfupa kupotea. Picha safi haimaanishi kwamba saratani haipo.

Hatua ya nne ndiyo yenye uamuzi: kukata kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya kukipima. Eneo hupigwa sindano ya ganzi, kisha kipande hukatwa kwenye ukingo wa kidonda, mahali nyama mbaya inapokutana na nzima. Katikati ya kidonda huepukwa kwa kuwa huwa na nyama iliyokufa, isiyoweza kutoa jibu. Kipande hicho huwekwa kwenye chupa yenye dawa ya formalini na kupelekwa maabara, ambako mtaalamu wa patholojia hukitazama kwa hadubini na kueleza kama kuna saratani, ni ya aina gani na imepenya kina gani.

Wagonjwa wengi hukataa kipimo hiki wakiamini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Imani hiyo imewagharimu wengi. Kipande kikichukuliwa kwa utaratibu, hakuna ushahidi kwamba kunafupisha maisha ya mgonjwa. Kinachoyafupisha ni kukaa bila jibu. Bila kipimo hicho, hakuna daktari anayeweza kuanza tiba ya saratani kwa uhakika.

Wakati mwingine majibu huja yakisema hakuna saratani, ilhali kidonda kinaendelea kukua. Katika hali hiyo mgonjwa asirudi nyumbani na kuridhika. Huenda kipande kilichukuliwa mahali pasipofaa, na ni haki yake kuomba kipimo kirudiwe.

Ipo pia rangi ya bluu inayopakwa kinywani ili kuonyesha maeneo yenye mashaka. Rangi hiyo humsaidia daktari kuchagua mahali pa kukata, lakini haichukui nafasi ya kipimo cha maabara. Vilevile, hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuthibitisha saratani ya fizi. Damu hupimwa ili kujua afya ya jumla ya mgonjwa, au pale inaposhukiwa saratani ya damu.

Kupanga hatua ya ugonjwa

Saratani ikishathibitishwa, hufuata vipimo vya kujua imefika wapi. Picha za CT huonyesha mfupa kwa undani, za MRI huonyesha nyama na mishipa ya fahamu, na kipimo cha mawimbi ya sauti hutumika kukagua matezi ya shingo. Tezi linaloshukiwa huchomwa sindano nyembamba na kuvutwa seli za kupima. Kifua nacho hupigwa picha, kwa kuwa mapafu ni miongoni mwa mahali ambapo saratani za kinywa husambaa.

Kwa mujibu wa toleo la nane la mfumo wa kimataifa wa TNM, hatua ya kwanza ni uvimbe usiozidi sentimita 2 kwa upana na milimita 5 kwa kina, usiogusa matezi. Hatua ya pili ni uvimbe usiozidi sentimita 4 kwa upana na milimita 10 kwa kina. Ukivuka kipimo kimojawapo kati ya hivyo, au tezi moja dogo la upande uleule likiguswa, huwa ni hatua ya tatu. Uvimbe uliotoboa gamba gumu la mfupa wa taya, matezi makubwa au mengi, na saratani iliyofika viungo vya mbali huwekwa katika hatua ya nne.

Kwa saratani ya fizi kuna angalizo moja: kulika kidogo kwa mfupa unaozunguka shina la jino hakutoshi peke yake kuupeleka ugonjwa hatua ya nne. Mgonjwa asikate tamaa kwa kusikia tu kwamba mfupa umeguswa.

Tiba na matumaini

Upasuaji ndiyo tiba kuu. Daktari huondoa uvimbe pamoja na nyama nzima inayouzunguka, na kulingana na kina cha ugonjwa huweza kukata ukingo tu wa taya au kipande kizima cha mfupa. Matezi ya shingo huweza kuondolewa pia. Mionzi, na wakati mwingine dawa za saratani, huongezwa kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao umeenea zaidi. Kabla ya mionzi, meno mabovu hushughulikiwa kwanza, kwa kuwa kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kusababisha mfupa kufa.

Tofauti kati ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa. Takwimu za Marekani huonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wa saratani za kinywa na koo ambao ugonjwa wao umegunduliwa ukiwa bado mahali ulipoanzia huwa hai miaka mitano baadaye. Kwa wale ambao umeshafika viungo vya mbali, wanaofikia miaka hiyo ni chini ya nusu.

Kuwahi hakuhitaji mitambo ya gharama. Katika jimbo la Kerala nchini India, utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1996 uliwatumia wahudumu wa afya waliofundishwa kukagua vinywa vya watu kwa macho tu. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2005, yalionyesha kwamba vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe waliokaguliwa.

Kujichunguza nyumbani

Kila mtu mzima anaweza kukagua fizi zake mara moja kwa mwezi. Anahitaji kioo, mwanga wa kutosha na mikono iliyonawa kwa sabuni. Mwenye meno bandia ayavue kwanza. Avute mdomo na mashavu kwa kidole ili aone fizi za mbele hadi za nyuma, kisha ainue ulimi atazame upande wa ndani. Apapase fizi kwa kidole akitafuta uvimbe au ugumu, na amalizie kwa kupapasa chini ya taya na pande zote mbili za shingo.

Wanaotumia sigara, ugoro, kuberi, tambuu au pombe wanashauriwa kuacha, na kumwona daktari wa meno angalau mara moja kwa mwaka hata kama hawaumwi. Mzee asiye na jino hata moja naye anahitaji kukaguliwa, kwani saratani haihitaji jino ili iote.

Mgonjwa anayekwenda hospitali akiwa na kidonda cha ufizi kilichozidi wiki mbili, au jino lililolegea bila sababu, anapaswa kumuuliza daktari swali moja kabla ya kukubali dozi nyingine au kung'olewa jino: je, si wakati wa kupima kipande cha nyama hii? Nchini Tanzania, mwenye mashaka huanzia kwa daktari wa meno wa hospitali ya wilaya au mkoa, ambaye humpa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC au Bugando kwa vipimo na upasuaji, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam hutoa tiba ya mionzi na dawa.